Kabla Hujaniomba Orodha

Kila muhula unapoanza, hakosekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa kunisimamisha nje ya maktaba: "Dada, nisome vitabu gani, nitazame filamu zipi, ili nielewe mambo ya picha?" Wanajua tasnifu yangu ya uzamili inahusu picha za studio, basi wanaamini orodha ninatembea nayo. Ni kweli ninayo. Nilipewa na walionitangulia, nami nimeigawa miaka miwili bila kufikiri. Mwaka huu nimeiwekea sharti: kabla sijakutajia kitabu hata kimoja, niletee picha moja ya zamani ya kwenu, uniambie waliomo ni akina nani.

Wenzangu wananicheka. Wanasema nimegeuka mjumbe wa nyumba kumi. Na wacheke tu. Sharti hili nililipata kwa aibu.

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza niliazima kamera ya rafiki yangu, nikaenda Feri, soko la samaki, alfajiri. Nikampiga picha mama mmoja akipaa samaki, magamba yamemganda mikononi, jua la asubuhi linampiga shavuni. Picha ilitoka vizuri mno. Nikaipeleka kwenye shindano dogo, ikashika nafasi ya pili. Chini yake niliandika: "Mama wa Pwani". Siku ya maonyesho mgeni mmoja akaniuliza, "Huyu mama anaitwa nani?" Nikabaki kuchekacheka. Sikuwa nimemuuliza. Fedha ya zawadi nilinunulia lenzi.

Kinachoniuma ni kwamba wakati huo orodha yote nilikuwa nimeshaisoma.

Nilikuwa nimesoma On Photography ya Susan Sontag, ya mwaka 1977, kitabu kizima kuhusu picha kisichokuwa na picha hata moja ndani. Humo anatuambia kwamba ukimpiga mtu picha umejitwalia kitu chake. Nilikuwa nimetazama Ways of Seeing, vipindi vinne alivyovitengeneza John Berger na BBC mwaka 1972, ambamo anaonyesha kwamba ukibadilisha maneno yaliyo chini ya mchoro, macho ya mtazamaji nayo hubadilika. Nilikuwa nimetazama Blow-Up ya Antonioni, ya mwaka 1966: mpiga picha wa London anampiga picha mwanamke bustanini bila ruhusa, mwanamke anamfuata kudai filamu yake, naye anamdanganya kwa kumpa nyingine. Na nilikuwa nimesoma Camera Lucida ya Roland Barthes, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1980, ambamo anaeleza kurasa kwa kurasa picha ya marehemu mama yake alipokuwa mtoto, kisha anakataa kutuonyesha.

Mmoja anasema kupiga picha ni kutwaa, wa pili anasema maneno ya chini hugeuza picha, wa tatu anaonyesha mwanamke akidai chake, wa nne anakataa kumtoa mama yake hadharani. Nilivijibia mtihani, nikafaulu. Kisha nikaenda Feri nikamtwaa mama wa watu, nikamwekea maneno yangu chini, nikamweka ukutani. Orodha haikunizuia kwa sababu niliisoma kama habari za watu wengine.

Kuna wanaosema dawa ni kuwatupa Wazungu hawa wote. Sikubaliani nao. Nenda katazame The Salt of the Earth, filamu ya mwaka 2014 ya Wim Wenders na Juliano Ribeiro Salgado kuhusu baba yake Juliano, Sebastião Salgado, aliyewapiga picha wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994. Baadhi ya picha zake za mwaka huo alizipiga Benako, wilayani Ngara, ndani ya Tanzania hii hii. Niliitazama nikalia. Sasa umsome Sontag tena, katika Regarding the Pain of Others ya mwaka 2003. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini katika picha za Salgado za watu waliohama makwao maelezo hayawataji kwa majina. Mashuhuri hutajwa jina. Wanyonge hutajwa kwa kabila, kazi na shida zao. Hoja iliyonivua nguo nimeipata kwa Mmarekani. Ningemtupa ningebaki na lenzi yangu na kiburi changu.

Wala kuongeza Waafrika kwenye orodha peke yake hakutoshi. Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York, zikaandikwa kuwa mpiga picha hajulikani. Baadaye alitafutwa, akapatikana Bamako akiwa hai, na leo jina lake liko katika kila orodha. Ni haki yake. Lakini wale waliokaa mbele ya kamera yake kwa nguo zao bora, wengine wakiwa wamevaa saa za kuazima pale pale studio, wengi wao bado hawana majina kwenye kuta za makumbusho.

Hapa kwetu mambo ni hayo hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Zanzibar ziliuza kadi za posta zenye picha za wanawake, na chini yake maelezo ya jumla tu: mwanamke wa Kiswahili, basi. Mara ya kwanza kuziona nilikasirika sana. Kisha nikakumbuka "Mama wa Pwani". Karne nzima imepita, nami mtoto wa pwani nimeandika kadi ile ile.

Likizo iliyopita nilikwenda Pangani kwa bibi, mzaa mama. Sandukuni ana picha ya studio: wasichana watatu wamesimama mbele ya pazia, wamevaa gauni za kufanana. Nyuma kuna muhuri uliofifia na namba. Bibi ana mtoto wa jicho, hivyo aliisogeza hadi karibu na pua.

"Huyu mimi," akasema. Wa pili akamtaja bila kusita, akaongeza kwamba saa ya mkononi si yake, ni ya studio. Kwa wa tatu alikaa kimya. Akaigeuza picha, akairudisha. "Mjukuu wangu, huyu namjua. Tulichota naye maji kisima kimoja. Jina limenitoka. Angalikuwepo dada yangu angekwambia."

Dada yake bibi alifariki mwaka jana. Mwaka ule mzima nilikuwa maktaba, nikisoma jinsi picha inavyohifadhi kumbukumbu.

Najua nitajibiwa kwamba jina nalo linaweza kudhuru. Mkimbizi ana sababu ya kujificha, na wako wanawake wa pwani wasiotaka sura zao zitembee mikononi mwa watu. Ni kweli, na Heike Behrend ameliandikia kitabu, Contesting Visibility, cha mwaka 2013, kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Kisome. Ndiyo maana majina aliyonitajia bibi siyaandiki hapa. Lakini kulijua jina ukalificha ni kumheshimu mwenyewe. Kutouliza kabisa ni jambo jingine, na mara nyingi sisi wapenda picha tunalificha la pili nyuma ya la kwanza.

Kwa hiyo orodha nitakupa, na nitaongeza Mo & Me, filamu kuhusu Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu. Ameitengeneza mwanawe, Salim, miaka mingi baada ya baba kufa katika ndege iliyotekwa mwaka 1996. Itazame uone mtoto anavyohangaika kumfahamu baba aliyeacha maelfu ya picha.

Mwezi uliopita nilirudi Feri na nakala ya picha yangu. Wauza samaki waliizunguka, wakamtambua mara moja, wakamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza: Mama fulani. Jina lake mwenyewe? Wakatazamana. Ameacha biashara, amerudi kwao, na kwao ni wapi kila mmoja alisema lake. Nimeandika nyuma ya nakala kile nilichopata, kwa penseli, nikaacha nafasi.

Wewe unayeniomba orodha, aliye na picha ya kwenu ana umri gani? Macho yake yako vipi? Kama nauli unayo, nenda Jumamosi hii. Peleka daftari na kalamu. Sontag yuko maktaba, rafu ya pili kushoto, na Jumatatu utamkuta pale pale.