Usinunue begi la safari kwa rangi

Leo naongea na nyie mnaouza mtandaoni na mnapanda ndege kufuata mzigo, iwe Dubai, Guangzhou, Istanbul au hata Dar tu. Wengi mmenitumia meseji mkiuliza lile begi langu jeusi kwenye status nimenunua wapi. Nilikuwa najibu mmoja mmoja, nimechoka, acha niandike hapa wote msome.

Maoni yangu nayatoa mapema. Begi gumu ni sehemu ya mtaji wako, kwa hiyo linunue unavyonunua mzigo, yaani kwa kukagua. Na sisi wa Mafia tuna jambo la pili: hilo hilo begi zuri usiling'ang'anie kila safari. Kuna safari litakusaidia, kuna safari litakuadhiri.

Naanza na hasara yangu ili mjue siongei kwa kusoma tu.

Safari yangu ya kwanza Dubai nilikopa kwenye kikoba. Nilikuwa na oda za chupa za chai, vikombe vya kahawa na abaya, maana msimu wa harusi ulikuwa unakaribia na wateja walishalipa nusu. Kabla ya kuondoka nilipita Kariakoo kununua begi. Muuzaji akaniambia, "Dada, hili ni faiba, halivunjiki, chukua seti ya matatu." Nikaliona linang'aa, lina rangi ya dhahabu, nikatoa elfu tisini. Sikuligusa hata kidogo zaidi ya kulifungua na kulifunga.

Kwenda halikuwa na tatizo, lilikuwa tupu. Kurudi lilikuwa na kilo zake zote. Pale Dar nikaliona kwenye mkanda wa mizigo linakuja, kona moja imetoboka, tairi moja halipo. Nikafungua pale pale. Kati ya chupa sita za chai, nne ukizitikisa zinalia ndani kama njuga. Vikombe seti mbili vimekwisha. Hasara ya bidhaa peke yake ilikuwa laki moja na elfu themanini.

Hela niliirudisha kwa wateja, moja moja. Ila kuna mama mmoja wa Kirongwe, chupa zake zilikuwa za shughuli ya binti yake. Nilimrudishia pesa yake yote, akaipokea, akaniambia, "Mwanangu, pesa siwezi kumwagia wageni chai." Hajanunua kwangu tena mpaka leo. Hiyo ndiyo bei halisi ya begi bovu. Anayeuza mtandaoni hana kitu kingine zaidi ya kuaminika.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza na kukagua mabegi ya watu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. "Faiba" ni neno la dukani

Karibu kila begi gumu litaitwa faiba. Uliza ni plastiki gani, au tafuta kibandiko ndani ya begi au kwenye lebo. Utakutana na herufi hizi:

ABS ni plastiki nyepesi na rahisi, lakini ni kavu. Ikigongwa kwa nguvu inapasuka. Mabegi mengi ya seti tatu ni haya, na langu la dhahabu lilikuwa hili.

PC ni polikaboneti. Inapinda ikigongwa halafu inarudi. Bei iko juu ila inavumilia.

PP ni polipropilini. Viti vingi vya plastiki tunavyokodi kwenye shughuli ni plastiki hiyo hiyo, na hata viroba vya kufuma na shangazi kaja ni familia hiyo. Inanyumbulika, ni nyepesi, haipasuki ovyo.

Kuna ya aluminiamu. Ni imara, inabonyea badala ya kupasuka, lakini ni nzito na bei yake sio ya kwetu tunaoanza.

Ukiona ABS+PC usishangilie haraka. Mara nyingi ni ABS iliyopakwa PC nyembamba juu ili ing'ae.

Kipimo changu ni kiganja. Laza begi, bonyeza katikati ya mwili wake kwa kiganja. Likiingia ndani na kurudi bila kuacha alama nyeupe, endelea kuliangalia. Likiwa gumu kama kigae, au likibaki na mstari mweupe, lirudishe. Muuzaji akinuna, mwache anune, hela ni yako.

2. Begi hufa miguuni kwanza

Watu wanaangalia mwili tu, kumbe kinachotangulia kufa ni tairi, kisha mpini, kisha zipu. Matairi manne yanayozunguka ni raha kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, ila yamechomoza nje, yanagongwa. Matairi mawili yaliyozama kwenye mwili wa begi yanavumilia zaidi vumbi, mashimo na mitaa ya Kariakoo. Ukitaka manne, tafuta makubwa ya mpira, na pindua begi uangalie yameshikwa na nini. Yakishikwa na skrubu, fundi atakubadilishia. Yakishikwa na ribiti, kazi ya kuyang'oa utaijua siku hiyo.

Mpini uvute wote juu, utikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Ukilegea kama jino la mtoto, achana nao.

3. Zipu inafunguka kwa kalamu

Hili lilinishtua. Zipu ya kawaida ukichoma na ncha ya kalamu inaachia meno, mtu anachukua anachotaka, kisha anavuta kile kishikio kwenda na kurudi, zipu inajifunga kama hakuna kilichotokea. Kufuli lako liko pale pale linakuangalia. Kwa hiyo tafuta zipu nene yenye safu mbili, au begi lisilo na zipu kabisa, lile lenye fremu na vibano vya kufunga. La vibano ni zito kidogo na huwezi kulishindilia, ila kalamu haina kazi pale.

4. Pima uzito wa begi likiwa tupu

Mashirika mengi makubwa, daraja la kawaida, kipimo chao ni kilo 23 kwa begi, ingawa idadi inategemea tiketi. Begi kubwa gumu likiwa tupu linaweza kufika kilo 5. Hapo umebaki na 18 za mzigo. Begi la kilo 3 na nusu linakupa kilo moja na nusu zaidi kila safari, na kwetu hizo ni abaya mbili au tatu za kuuza.

Ukubwa nao una mpaka. Urefu, upana na kimo ukijumlisha, matairi yakiwemo, visizidi sentimita 158 kwa mashirika mengi. Na begi moja likizidi kilo 32 huwa halipokelewi kama begi la abiria hata ukiwa tayari kulipia, kwa sababu kuna binadamu analinyanyua. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani, usione aibu.

5. Begi gumu haliokoi mzigo uliolala vibaya

Ukuta wa begi unazuia kubonyezwa. Hauzuii vitu kugongana ndani. Vyombo vifungie kwenye nguo, kila kimoja peke yake, abaya zijae pembeni, nafasi isibaki. Ukitikisa begi ukasikia kitu kinatembea, fungua upange upya.

Na kwa ndugu zangu wa manukato: perfyumu ni kitu kinachowaka. Kanuni za usafiri wa anga zinampa abiria lita 2 kwa jumla ya vipodozi na vitu vya aina hiyo, kila chupa isizidi nusu lita, tena ni kwa matumizi yake. Ukitaka mzigo wa kuuza, pitisha kwa wakala wa kago anayejua taratibu. Pawabanki nazo haziwekwi kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, zinabebwa mkononi.

Sasa twende kwetu.

Baada ya hasara ile nilikaa nikijichanga, nikanunua begi moja la PP, jeusi, elfu mia mbili na sitini. Safari iliyofuata likarudi zima, hakuna hata kikombe kilichopata ufa. Nikajiona nimemaliza. Nikaenda nalo jengo la ndege ndogo pale Dar nije nyumbani.

Mnaijua ndege yetu. Nyingi zinazokuja Kilindoni ni vile vidogo vya abiria kumi na kitu, na mizigo mingi inapakiwa tumboni mwa ndege kwenye nafasi finyu. Tiketi nyingi za ndege hizi zinaandikwa kilo 15 pamoja na begi la mkononi, na wanaomba mabegi laini, maana laini linakunjwa likaingia penye nafasi, gumu haliwezi. Mimi nilikuja na kilo 23 na begi kama kabati. Yule kijana wa kaunta hakunigombeza, alinionyesha tu maandishi kwenye tiketi yangu mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuyasoma.

Nikafungua begi langu la laki mbili na sitini sakafuni, watalii wanaokuja kuona papa potwe wananiangalia, nikahamishia nguo kwenye shangazi kaja. Vyombo na begi vikabaki Dar kwa shangazi yangu, wa kweli sasa, vikaja baadaye kwa njia ya Mbagala, Nyamisati, halafu boti. Vilifika salama na kwa gharama ndogo kuliko ambayo ningelipia kilo za ziada kwenye ndege.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Begi gumu linalala Dar. Linatoka kwenda nje na linarudi Dar, haliji kisiwani. Nikifika, mzigo nauhamishia kwenye katoni na viroba, naandika jina na namba ya simu pande zote, naupitisha Nyamisati. Wakati wa kusi nazungushia nailoni nzito ndani ya katoni, maana maji ya chumvi hayaulizi. Mimi mwenyewe nikipanda ndege napanda na begi laini, na ndani naweka vitu vyepesi vya bei kubwa tu.

Kuna watu wananiambia, "Begi ni begi, nunua la bei rahisi, likifa nunua jingine." Nawaelewa, na mimi nilisema hivyo. Tupige hesabu. Lile la elfu tisini lilikwenda safari moja, likanila na bidhaa za laki na themanini. Hiyo ni laki mbili na sabini kwa safari moja, kabla hata sijamhesabu yule mama wa Kirongwe. Hili la laki mbili na sitini limeshakwenda safari saba. Ni kama elfu thelathini na saba kwa safari, na bado liko hai.

Lakini wakati mwingine jibu sahihi ni kutonunua kabisa. Ukisafiri mara moja kwa mwaka, azima. Kama mzigo wako ni wa kilo mia, begi halikuhusu, tafuta kago. Hela ya begi zuri kwa mtu anayeanza ni mzigo ambao ungezunguka mara tatu. Nunua pale safari zako zitakapokuwa zinalilipa.

Jambo la mwisho, na hili nalijutia. Siku lile la dhahabu lilipopasuka nililia, nikakokota, nikaondoka. Sikujua kuna haki. Safari za nje zinatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania imo. Begi likiharibika unatakiwa kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukomo wa fidia kwa abiria tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519, kama dola 2,000 hivi. Huo ni ukomo, hawakupi wote kwa kuomba, unathibitisha hasara yako. Na wanaweza kukataa kulipa kitu kilichovunjika kwa sababu ulikifunga vibaya. Kwa hiyo piga picha begi likiwa wazi kabla ya kufunga, piga likiwa limefungwa, tunza risiti za mzigo na kile kibandiko cha namba. Ukiona ufa, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda dawati lao, andikisha, ondoka na nakala.

Ningeyajua haya siku ile, huenda zile chupa zingelipwa, ingawa chai ya shughuli isingerudi.

Hifadhi hii posti, mtumie mwenzako anayejiandaa kusafiri. Na kwenye maoni niambie: begi lako la mwisho lilikufa nini, tairi, zipu au mwili? Wa visiwa vingine, Unguja na Pemba, nyie mzigo mnauvushaje?