Kabla ya jembe, shika karatasi

Makamanda, leo naomba tuongee habari ya ardhi. Ukitaja Kanda ya Ziwa kwenye mikutano yetu, kinachotajwa kwanza ni dhahabu. Mwaka 2017 nchi nzima ilibishana kuhusu makinikia, kila mtu akawa mtaalamu wa madini. Sawa, tulikuwa na haki ya kuuliza. Lakini toka Shinyanga mjini, pita Kahama, nenda mpaka Geita: kijana wa kawaida kwao hakuna mgodi. Kuna ekari mbili tatu za babu, zimechoka, hazina mti, mvua ikinyesha udongo unaondoka na maji.

Na wapo vijana wanaozirudia hizo ekari. Mtu amekaa kwenye maduara miaka kadhaa, hajaona kitu zaidi ya vumbi na madeni, anaamua bora akalime. Nyumbani anaambiwa, "Chukua lile eneo la kule, pori tu lile." Anaingia. Anaacha visiki vichipue, anapiga matuta ya kuzuia maji, anasomba samadi. Miaka mitatu minne shamba linaanza kupumua. Hapo ndo baba wadogo wanakumbuka kwamba eneo lile ni la ukoo. Au anatokea mnunuzi kutoka mjini. Au mtu anakuja na leseni ya kuchimba. Na kijana wetu mkononi hana kitu cha kuonyesha.

Hoja yangu ni moja: ardhi iliyochoka inatibiwa na mtu mwenye uhakika kwamba kesho bado ni yake. Na ushahidi hatuhitaji kuufuata nje ya nchi, uko Shinyanga hapo hapo.

Wasukuma walikuwa na ngitili. Mvua zikianza, eneo linafungwa, mifugo haiingii, majani yanakua. Kiangazi kikikaza ndipo linafunguliwa. Kukawa na ngitili za familia na ngitili za jamii, na wazee walizilinda kwa taratibu zao. Halafu yakaja mambo mengi. Wakati wa mkoloni misitu ilifyekwa ili kumaliza mbung'o. Pamba ikapanuka. Mifugo ikaongezeka. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, wakaacha maboma yao na ngitili zao nyuma. Eneo ambalo jana lilikuwa na mwenyewe, leo likawa halina mlinzi.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipita Shinyanga akashtuka kuona nchi inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Soma tena hizo namba.

Kilichofanya kazi hapo hakikuwa miche ya kugawiwa peke yake. Sehemu kubwa ya miti ile ilikuwa bado hai ardhini, mizizi ilisubiri tu iachwe. Kilichobadilika ni mamlaka. Watu waliruhusiwa kufufua utaratibu wao, vijiji vikatunga sheria ndogo, mabaraza ya wazee na sungusungu wakasimamia, na aliyeingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa akalipa faini. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba mapato na mahitaji yanayotoka kwenye ngitili (kuni, malisho, dawa, asali, miti ya kujengea) yalifikia thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini wakati ule. Kwa hiyo mtu asikwambie kutunza ardhi ni anasa ya matajiri.

Ila tusidanganyane. Ngitili kubwa kubwa zilienda kwa wenye mifugo mingi. Kijana asiye na ng'ombe, na hasa binti, alibaki kuomba njia ya kupita kuokota kuni. Hapa ndipo sisi kama jumuiya ya vijana tunapaswa kuwa na la kusema.

Nasoma sheria, basi niseme ninachokijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inakupa hakimiliki ya kimila. Watu wengi wanaidharau, wanadhani ni karatasi ya daraja la pili. Kifungu cha 18 kinasema ina hadhi sawa na hati ile ya mjini. Inaweza kuwa ya muda usio na kikomo, na inarithishwa. Pia halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti akikugawia ardhi peke yake chini ya mwembe, hajakupa kitu. Na akimgawia tajiri kwa njia hiyo hiyo, naye hajapewa kitu!

Hakimiliki haikupi dhahabu iliyo chini, madini ni mali ya Jamhuri. Lakini mwenye leseni akija, unakaa mezani kama mmiliki anayejulikana na unadai fidia yako. Usipokuwa nayo unaonekana mvamizi kwenye shamba ulilolifufua kwa mikono yako.

Kwa mabinti wenzangu: kifungu cha 20 kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Nzuri. Ila upande wa urithi, Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilimweka mwanamke nyuma. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, mafundi cherehani, walitolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa marehemu waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba sheria ile ni ya kibaguzi, lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema Tanzania imevunja haki za wajane wale, ikaitaka irekebishe sheria zake. Hilo liwe swali la kwanza kwa kila anayeomba kura ya ubunge, hata akiwa wa chama chetu.

Kuna watakaosema serikali tayari ina BBT, inawakusanya vijana kwenye mashamba makubwa ya pamoja. Atakayepata nafasi huko aende, simzuii. Lakini mashamba hayo hayawezi kumbeba kila kijana wa nchi hii, na ekari za babu Bukombe au Kishapu zitabaki pale pale zikimomonyoka. Kijana wa huko haombi kambi, anaomba kijiji chake kipimwe.

Basi chama chetu kiandike haya kwenye ilani yake: kila kijiji kiwe na cheti cha ardhi na mpango wa matumizi, upimaji ulipiwe na serikali na si mfuko wa mkulima, na kila kijiji kitenge eneo la vijana, wa kike na wa kiume, wakiwemo wasio na ng'ombe hata mmoja.

Lakini tusikae tukisubiri ilani. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ukishafikisha miaka 18 wewe ni mjumbe. Ukiitishwa, nenda na wenzako. Uliza cheti cha ardhi cha kijiji kiko wapi. Uliza nani kagawiwa nini mwaka huu, na muhtasari wa idhini uko wapi. Omba ekari zako ziandikwe kwa jina lako kabla hazijawa kijani. Zikishakuwa kijani wenyewe watakuwa wengi.