Neno kwa Jamaa: Shamba Lililoombwa Mara Nyingi



Wengi wetu tumeijua divai kwanza altareni. Padri huimimina kidogo katika kalisi, na Kanisa laamuru iwe divai ya kweli ya zabibu, isiyoharibika. Lakini kabla ya kufika altareni au mezani, divai ina shamba lake, na shamba lina mwenyewe. Juma hili twataka kusimulia habari za shamba moja la mizabibu huko Italia, na jinsi lilivyonunuliwa. Kwa maana namna mtu anavyopata shamba yatuonyesha moyo wake.

Kaskazini ya Italia, katika nchi ya Piemonte, kuna kijiji kiitwacho Barbaresco. Hapo jamaa ya Gaja yafanya divai tangu mwaka 1859. Angelo Gaja, mtu wa kizazi cha nne, aliingia katika kazi ya wazee wake mwaka 1961. Divai yao nyekundu, itokayo katika zabibu ziitwazo nebbiolo, ilipata sifa hata ng'ambo ya bahari. Watu walipoona jina la Gaja juu ya chupa, walitoa fedha nyingi kwa furaha.

Bwana huyo alitamani kupata shamba jingine huko Bolgheri, katika nchi ya Toscana karibu na bahari, safari ya zaidi ya kilometa 300 kutoka kwao. Bolgheri ilikuwa imekwisha kujulikana kwa sababu ya divai iitwayo Sassicaia, iliyoanza kuuzwa kwa mavuno ya mwaka 1968. Lakini wenye shamba alilolipenda hawakuwa na haraka ya kuuza. Alikwenda, akaketi nao, akasema nao, akarudi mikono mitupu. Alikwenda tena, ikawa vilevile. Safari zikaongezeka, na maneno yakaongezeka. Mwishoni, mwaka 1996, walipatana, na shamba likawa lake kwa ridhaa ya wenyewe.

Basi akalipa jina gani? Angeweza kulitia jina lake mwenyewe, lenye sifa duniani. Bali alilipa jina la Kipiemonte, Ca' Marcanda, maana yake nyumba ya mapatano yasiyokwisha. Hivyo kila anywaye divai ile akumbushwa kwamba shamba liliombwa muda mrefu kabla ya kupatikana.

Hata baada ya kununua, alipaswa kungoja. Udongo wa Bolgheri si udongo wa Barbaresco. Pengine ni wa kahawia, pengine ni mweupe wenye mawe na chokaa. Hapo zilipandwa zabibu za namna nyingine, cabernet na merlot, zenye asili ya Ufaransa. Mvinyo mwekundu wataka subira: zabibu hupondwa, kisha maji yake huachwa yachachuke pamoja na maganda, kwa kuwa rangi nyekundu hutoka katika maganda, halafu divai hulazwa miezi mingi katika mapipa ya mti wa mwaloni. Mavuno ya kwanza ya Ca' Marcanda yalikuwa ya mwaka 2000. Nyumba ya kufanyia divai, iliyochorwa na Giovanni Bo, sehemu yake kubwa imefichwa chini ya ardhi kati ya mizeituni, isiharibu sura ya nchi. Divai moja ya shamba hilo yaitwa Magari. Vijana wasicheke wakidhani ni magari ya barabarani. Kwa Kiitaliano neno hilo ni kama kusema: laiti ingekuwa hivyo!

Liko na neno jingine katika jamaa ile. Mwaka 1978 Angelo alipanda cabernet huko Barbaresco, mahali pa nebbiolo ya wazee. Baba yake, mzee Giovanni, alisikitika, akasema: darmagi, yaani, hasara gani! Mwana hakuing'oa mizabibu, wala hakulisahau neno la mzee. Divai ya shamba lile aliiita Darmagi. Kutopatana kwao kumeandikwa juu ya chupa, wala jamaa haikuvunjika.

Sasa tulinganishe na habari za Maandiko Matakatifu. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake. Aliahidi fedha, au shamba jingine lililo bora. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu aliomba, akanyimwa, akalala kitandani kwa hasira, asile chakula. Mkewe Yezebeli akatafuta mashahidi wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe hata akafa. Mfalme alipata shamba bila mapatano. Lakini aliposhuka kulitwaa, nabii Eliya alimkuta humo.

Wazazi wapenzi, mambo ya Ahabu hayakuishia Israeli. Hata kwetu mjane hufukuzwa katika shamba la marehemu mumewe, kabla machozi hayajakauka. Hata kwetu kijana huuza kiwanja cha urithi kwa mgeni, usiku mmoja, na ndugu zake hupata habari wanapoona matofali yanashushwa. Mwenye fedha husema: nimelipa, basi yamekwisha. Hayajakwisha, kama mwenye haki hakuulizwa.

Atakaye kununua, aende mchana, aulize ni nani wenye urithi, wajane na yatima wakiwa wa kwanza. Akinyimwa, arudi kwake kwa amani. Akitaka, aende tena kesho kwa heshima, bila kutisha wala kuhonga. Wakipatana, waandike karatasi mbele ya mashahidi wa kweli. Na atakayeuza asitiwe sahihi yake akiwa amelewa. Divai ni zawadi ya Mungu, ila mapatano ya walevi huzaa kesi.

Nanyi wanafunzi, jioni ya Dominika wasomeeni wazazi kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Kisha waulizeni wazee wa nyumba mipaka ya shamba lenu, na majina ya wote wenye haki ndani yake, mkayaandike katika daftari wangali hai.