Kwa nini tumeahirisha safari ya Malindi kwa wiki moja



Ndugu msomaji, tangazo lililobandikwa mlangoni mwa msikiti wetu tangu Ijumaa mbili zilizopita, nami ndiye niliyelitia saini, linasema kwamba watoto wa madrasa watakwenda Malindi Jumapili hii, mwezi 16 Mfunguo Sita. Basi liondoke Mombasa saa moja asubuhi, lifike ufukweni saa nne. Jumatatu usiku, baada ya Isha, kamati iliketi na kulibadilisha. Safari itakuwa Jumapili inayofuata, mwezi 23. Wazazi kadhaa wamenipigia simu tangu hapo, wengine kwa hasira, wakitaka kujua ni kitu gani kitakachobadilika baharini kwa muda wa siku 7. Safu ya wiki hii ni jibu langu kwao, na pia kwa familia zitakazokwenda ufukweni msimu huu zikiwa peke yao, bila kamati ya kuwaahirishia.

Aliyeanzisha jambo hili ni mzee wetu mmoja katika kamati, aliyekuwa nahodha wa jahazi kabla magoti yake hayajamzuia. Nilipomaliza kusoma ratiba aliniuliza, "Katibu, Jumapili hiyo ni mwezi ngapi?" Nikamjibu kuwa ni mwezi 16. Akauliza tena, "Na umewaandikia watoto wafike pale saa nne?" Nikanyamaza. Mimi ndiye ninayetangaza kuandama kwa mwezi msikitini, na ndiye ninayewakumbusha watu funga ya siku nyeupe. Hata hivyo tarehe ya safari niliichagua kwa kuangalia ni siku gani basi lilikuwa na nafasi.

Nianze na mahali penyewe. Watoto wetu wamekulia bahari ya Nyali na Bamburi. Huko mwamba wa matumbawe umesimama kama ukuta mbali na ufuo, mawimbi huvunjika juu yake, na maji yanayowafikia watoto yamekwisha choka. Ghuba ya Malindi sivyo ilivyo. Kaskazini ya mji, mto Sabaki humwaga baharini udongo ulioukusanya njia nzima kutoka bara, na matumbawe hayastawi penye tope. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya matumbawe hayo, iko kusini ya mji. Ukishaupita mnara wa Vasco da Gama kuelekea kaskazini, ghuba iko wazi kwa bahari kuu. Wimbi linakuja na nguvu zake zote na kuvunjika juu ya mafungu ya mchanga, hatua chache kutoka mahali mama anapotandika mkeka.

Baada ya mahali, upepo. Kusi huvuma pwani yetu tangu Aprili hivi hadi Oktoba, na nguvu zake nyingi huwa Juni, Julai na Agosti. Jumapili hii bado tumo ndani yake. Asubuhi huwa na nafuu kidogo, jua likipanda na nchi kavu ikipata joto upepo huzidi, na alasiri mchanga hupiga miguuni kama sindano. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa onyo upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani karibu kilomita 46 kwa saa, na onyo hilo linawahusu wenye mikeka ufukweni sawasawa na wavuvi. Kusi husukuma mawimbi yaingie kwa mshazari, si kwa kuukabili ufuo moja kwa moja. Kwa hiyo kuna mkondo unaotembea pembeni mwa ufuo kuelekea kaskazini, upande wa Sabaki na Mambrui. Mtoto huingia majini mbele ya mkeka wenu, akacheza robo saa bila kujiona anasogea, akainua kichwa na kukuta mbele yake familia asizozijua.

Kusi hiyo hiyo hulihadaa jicho. Wakati wa kaskazi, tope la Sabaki huteremka kuja Malindi, maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, na wageni wakayaogopa ingawa bahari imetulia. Kusi ikivuma, tope husukumwa kwenda Mambrui, maji ya mjini yakatakata, na watu wakasema bahari leo ni nzuri.

Sasa nifike kwenye mwezi. Wazee wa pwani wana maneno mawili ambayo vijana wetu wameyaacha yapotee: bamvua na maji mafu. Bamvua ni siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku za nusu mwezi, karibu na mwezi 8 na mwezi 23, maji yanaposogea kidogo tu. Katika bamvua, tofauti kati ya kupwa na kujaa kwenye pwani hii hufika karibu mita 3. Katika maji mafu ni kama mita 1. Tena saa zake hazibahatishwi. Siku za bamvua, hapa kwetu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata siku za maji mafu mambo yakageuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la Halmashauri ya Bandari. Mwenye kujua mwezi ni wa ngapi hahitaji jedwali ili ajue siku yake ni ya namna gani.

Basi tuutazame mwezi 16. Basi linafika saa nne, na maji yatakuwa yamekaribia mwisho wa kupwa. Ufuo umepanuka mno na mafungu ya mchanga yamejitokeza mbali, yanang'aa, yanamwita kila mtoto mwenye mpira. Kati ya fungu na ufuo kuna mfereji, na saa hiyo maji yake hayafiki magotini. Watoto wanauvuka wakicheka. Kisha maji yanageuka. Saa ya kwanza hupanda taratibu, wala hakuna anayeona tofauti. Saa ya tatu na ya nne ndizo kali: katika bamvua ya mita 3, maji hupanda karibu robo tatu ya mita ndani ya saa moja. Mpime mtoto wako wa miaka 8 uone robo tatu ya mita inamfika wapi. Na hayaanzi kupanda kule nje mtoto anakoangalia. Hupanda kwanza kwenye mfereji, nyuma ya mgongo wake.

Lililo baya zaidi ni kwamba mfereji ule haukai kama bwawa. Kila wimbi linalovuka fungu linaongeza maji ndani yake, na maji hayo hutafuta njia ya kurudi. Huipata pale fungu lilipokatika, penye mlango, nayo hutoka kwa kasi ya mto kuelekea bahari kuu. Mlango huo unaonekana kwa anayejua: ni mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, maji yana weusi au uchafu wa mchanga, na povu linakwenda nje badala ya kuja ufukweni. Asiyejua hupaona ndipo palipotulia kuliko pote, akawapeleka watoto wake hapo hapo.

Haya sikuyasoma kitabuni tu. Miaka miwili iliyopita tuliwapeleka watoto ufuo huo huo, na ratiba niliiandika mimi. Ulikuwa mwezi 17. Watoto 12 walivuka kwenda kwenye fungu, na walipoitwa kuja kula, 11 walirudi wakiwa wameshikana mikono, maji yakiwa kifuani. Mmoja, mwenye miaka 11, alichelewa akifuata mpira. Ni mtoto anayejua kuogelea, amejifunzia Tudor. Aliogelea kutuelekea moja kwa moja kama tulivyokuwa tukimpigia kelele afanye, nasi hatukujua kwamba tunamwangamiza kwa kelele zetu. Nilikiona kichwa chake kimesimama mahali pamoja kwa muda mrefu, mikono ikizunguka. Kisha kikaanza kwenda nyuma.

Watu wazima wawili waliingia na nguo zao, na baada ya muda mfupi wao pia walikuwa wa kuokolewa. Mimi nilisimama maji yakinifika kiunoni, kanzu imenizonga miguu, nikisoma kila dua ninayoijua. Aliyemtoa ni kijana muuza madafu. Hakuingia pale mtoto alipokuwa. Alichukua mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, akakaza kifuniko, akakimbia mchangani kuelekea kaskazini hadi penye mawimbi yanayovunjika, ndipo akaingia na mtungi kifuani. Huku akimpungia mtoto mkono aache kupigana na maji, ageuke, aende pembeni. Walikutana nje ya mkondo na mawimbi yakawarudisha wote wawili. Mtoto alitapika maji, akauliza mpira uko wapi. Kijana tulimpa nauli iliyokuwa imebaki mfukoni mwangu, na hadi leo naona haya nikikumbuka kiasi chake.

Tuliporudi tulisema Alhamdulillah, ajali haina kinga, tukalifunga jambo. Sikuandika ripoti. Hakuna kumbukumbu yoyote katika daftari la kamati inayosema kwamba siku ile ilikuwa bamvua na tuliwafikisha watoto wakati wa kupwa. Ndiyo sababu mwaka huu niliweza kuandika ratiba ile ile tena, saa ile ile, bila mkono kutetemeka. Jumatatu nimeliandika, kurasa mbili, na mzee nahodha ametia saini chini ya yangu.

Wapo waliotaka safari ifutwe kabisa. Sikuwaunga mkono, kwa sababu mtoto wa pwani anayezuiwa bahari na wazazi wake huiendea na wenzake, bila ruhusa na bila mtungi. Tumekubaliana hivi. Mwezi 23 ni maji mafu. Maji yatajaa karibu saa nne na nusu asubuhi, nasi tutakuwa tumefika, kisha yatapungua polepole kwa tofauti ya mita 1 tu hadi alasiri. Mafungu ya mbali hayatajitokeza ya kuwaita. Lakini jina la maji mafu lisimdanganye mtu. Kilichokufa ni kupanda na kushuka kwa maji, si mawimbi. Mawimbi ni ya kusi, na kusi haihesabu mwezi. Kwa hiyo watoto wadogo hawatapita magotini, wakubwa hawatapita kiunoni, na mpaka utawekwa kwa bendera mbili ambazo mzee atachagua mahali pake baada ya kuyatazama maji. Mitungi mitatu yenye kamba itakuwa ufukweni. Tukiona mtoto anavutwa, hatutamwita aje kwetu. Tutamwonyesha kwa mikono aende pembeni, upande wa kaskazini unakokwenda upepo.

Kina mama, nawaomba kwa heshima: asiingie mtu majini na buibui kumfuata mtoto. Najua ninaloliomba ni zito. Buibui likilowa huvuta chini kama nanga, na atakayeingia na mtungi itabidi achague amwendee nani. Pigeni kelele, onyesheni kwa kidole alipo, msiondoe macho juu yake.

Kabla ya Adhuhuri wote watatoka, watahesabiwa, wataswali, na hawatarudi majini, kwa kuwa upepo ndipo unapozidi. Mchana tutaangalia makaburi ya mnara karibu na msikiti wa Ijumaa wa Malindi, kisha Gede na msikiti wake mkuu, na kurudi Mombasa. Ikiwa Jumamosi jioni kutakuwa na onyo la upepo mkali, tutakwenda Gede na Malindi mjini tu, na ufuo tutautazama kutoka barabarani.

Mwenye basi amekubali kubadilisha siku bila nyongeza. Wenye harusi Jumapili hiyo watarudishiwa fedha zao zote. Waje ofisini baina ya Magharibi na Isha. Fomu za ruhusa za zamani hazitatumika. Mpya ina swali moja lililoongezwa: mtoto anajua kuogelea, na amejifunzia wapi?

Yule mtoto sasa ana miaka 13 na anataka kwenda. Nilikwenda nyumbani kwao Jumanne. Baba yake alinikaribisha vizuri, akanisikiliza habari ya mwezi na ya maji mafu mpaka mwisho, akasema atafikiri. Mama yake, nyuma ya pazia, aliuliza swali moja tu: siku ile nilikuwa nimesimama wapi? Nikamwambia. Fomu yao bado haijarudi, nami nimewaambia nitaisubiri hadi Ijumaa ya safari, baada ya Isha.