UCHAMBUZI: Utumishi wa kiongozi haupimwi kwa harambee

ASKOFU Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alipoagiza mnamo Novemba 2024 kwamba michango ya wanasiasa katika kanisa la Soweto, Embakasi, irejeshwe, wengi waliona mvutano tu kati ya Kanisa na Serikali.

Kwa waumini wa Homa Bay na Migori, agizo hilo lina uzito wa kipekee. Askofu Anyolo ndiye aliyeongoza Dayosisi ya Homa Bay, inayojumuisha kaunti hizo mbili, kuanzia 2003 hadi 2018.

Fedha zilizokataliwa zilikuwa Sh2.6 milioni za Rais William Ruto na Sh200,000 za Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja.

Yesu alipotaka kuwafunza wanafunzi wake uongozi, hakuwagawia fedha. Aliinama akawaosha miguu, kazi iliyokuwa ya watumwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 73, inakaribiana na funzo hilo: mamlaka ya afisa wa serikali ni amana, naye amepewa ili awatumikie wananchi wala si kuwatawala.

Tangu 2013, zahanati na hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti. Homa Bay na Migori zimekuwa miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na Ukimwi nchini. Mgonjwa anayekosa dawa Mbita au Nyatike hafaidiki kwa vyovyote na kitita ambacho kwaya imekabidhiwa Jumapili. Kiongozi Mkristo anayetaka kutumikia na aanzie kwa mgonjwa huyo, hata pasipo kamera.

Hata hivyo, Kanisa nalo halina budi kujichunguza. Ni viongozi wa parokia wanaomtengea mwanasiasa kiti cha mbele na kumpa kipaza sauti, kisha waumini wakashangilia bila kuuliza fedha zimetoka wapi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ni kweli kwamba makanisa mengi ya mashambani ni maskini, na paa linalovuja halingoji mahubiri. Lakini Kanisa linalotegemea mkono wa mwanasiasa litapata wapi ujasiri wa kumkemea dawa zinapokosekana?

Hospitali ya misheni ya St Joseph, Ombo, mjini Migori, ni ushahidi kwamba Kanisa lenyewe linajua utumishi ni nini. Sasa liwadai wanasiasa vivyo hivyo: walete kazi, sadaka ibaki kuwa siri yao na Mungu.