BWANA SHAMBA ANASEMA: Kikundi cha kutazama nyota

Ndugu msomaji, mwezi huu siandiki habari za mbolea. Siandiki habari za panya wa ghalani wala za dumuzi. Nataka tuzungumze habari za nyota. Usiseme, "Bwana shamba amepotea njia." Soma kwanza.

Hapa kwetu Kakonko giza la usiku ni giza kweli. Mwezi usipokuwapo, nyota hujaa juu mpaka hujui uanze kuhesabu wapi. Watu wa Dar es Salaam hawazioni nyota kama tunavyoziona sisi. Taa za mji zinazificha. Sisi tunazo bure, lakini wengi wetu tukishakula tunafunga mlango na kulala.

Katika nchi nyingi wako watu walioanzisha vyama vya kutazama nyota. Wanachama wake si wataalamu. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni fundi, mwingine ni mkulima. Wanakutana usiku. Wanatazama nyota na kuandika walichoona. Wengine wana darubini. Darubini ni chombo chenye vioo. Huvuta kitu cha mbali, kikaonekana kama kiko karibu.

Usidhani kwamba kazi yao ni mchezo tu. Januari 1996 mtu mmoja wa Japani, jina lake Yuji Hyakutake, aligundua nyota yenye mkia ambayo hakuna aliyeiona kabla yake. Alitumia darubini kubwa ya macho mawili. Hakuwa mtaalamu aliyeajiriwa kutazama nyota. Miezi michache baadaye nyota hiyo ilipita karibu na dunia, na watu wengi waliiona kwa macho matupu. Iliitwa kwa jina lake.

Lakini vyama hivi vina kazi ya pili. Kwangu mimi hiyo ndiyo kubwa. Vinawaita majirani na watoto wa shule ili nao watazame. Kenya yuko mama mmoja, Susan Murabana. Yeye na mume wake, Chu Owen, walianza kazi hiyo mwaka 2014. Huipakia darubini yao katika gari na kwenda nayo vijijini na shuleni. Wanaiita kwa Kiingereza Travelling Telescope, maana yake darubini inayosafiri. Kwetu Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria aliandika kwa miaka mingi magazetini habari za anga. Na mkoani Arusha walimu walifundishwa kutumia darubini zilizoletwa kutoka Marekani, ili wakawafundishe wanafunzi wao.

Sasa nitasema kwa nini mimi, mtu wa mahindi na maharage, nimeingia katika mambo haya.

Siku jua lilipopatwa

Tarehe 1 Septemba 2016, siku ya Alhamisi, jua lilipatwa. Huko Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, mwezi uliingia katikati ya jua kabisa. Ilibaki pete ya mwanga pembeni. Pete hiyo ilidumu dakika chache tu. Watu wengi walikusanyika Rujewa kuitazama. Dk. Jiwaji alikuwa mmoja wa waliowaeleza wananchi jambo hilo na namna ya kulinda macho.

Hapa Kakonko hatukuona pete. Jua lilimegwa, likawa kama mundu. Mwanga ulipungua. Kuku wa jirani yangu walisimama wakishangaa. Akina mama wengine waliingia ndani na watoto wao na kufunga milango. Wengine walisema ni dalili ya balaa. Vijana walisimama njiani wakilitazama jua kwa macho matupu. Kila mmoja alitaka kuwashinda wenzake kwa kutazama muda mrefu.

Mmoja wao alikuwa kijana wa jirani, mwenye miaka 15. Siku ile hakusikia maumivu yoyote. Kesho yake aliona doa jeusi. Doa hilo halikuondoka. Leo ni mtu mzima, ana mke na shamba. Akiishika karatasi hii, neno analolitazama halionekani. Anaona maneno ya pembeni tu. Akitaka kusoma barua yake, anamwita mtoto.

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimesikia katika redio kwamba jua litapatwa. Nilisikia pia kwamba lisitazamwe kwa macho matupu. Jumatatu ya wiki ile nilikuwa na mkutano na wakulima katika kitongoji kile kile. Tulizungumza juu ya mbegu kwa saa mbili. Sikusema neno hata moja juu ya jua. Nilijiambia kwamba hiyo si kazi ya bwana shamba. Jambo hili bado linaniuma.

Elewa jinsi linavyotokea. Funga jicho moja. Shika sarafu mbele ya jicho lililo wazi. Sarafu ndogo itaficha nyumba nzima, kwa sababu iko karibu. Jua ni pana kuliko mwezi kama mara 400. Lakini pia liko mbali kuliko mwezi kama mara 400. Kwa hiyo machoni petu vinalingana. Mwezi ukipita kati yetu na jua, unaweza kulifunika. Mwaka ule mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia. Haukuweza kulifunika jua lote, ndiyo maana pete ilibaki. Hapo hapana balaa. Wanaojua hesabu za mambo haya hutaja siku na saa miaka mingi kabla.

Balaa liko katika kutazama. Mwanga wa jua huunguza nyuma ya jicho, na mahali hapo hapasikii maumivu. Miwani ya kawaida ya jua haifai. Kioo kilichopakwa masizi hakifai. Picha ya hospitali ya kupigia mifupa haifai. Kutazama jua katika beseni la maji hakufai pia. Inafaa miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Usipokuwa nayo, lipe jua mgongo. Chukua karatasi ngumu, itoboe kwa sindano, mwanga upite katika tundu na kuanguka ukutani. Utaona jua dogo lililomegwa. Hata chini ya mwembe utaona mamia ya vimwezi, kila penye upenyo kati ya majani.

Kikundi chetu

Baada ya mambo hayo nilizungumza na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Tukaanza kukutana usiku katika uwanja wa shule. Mwanzoni tulikuwa watu sita. Hatukuwa na darubini kubwa, na hata sasa hatuna. Tunayo darubini ya macho mawili, nayo ni ya kuazima. Kikundi hakina jina wala katiba. Mtu mmoja alitaka tuchague mwenyekiti na mweka hazina. Tulimwuliza hazina ya nini, akacheka mwenyewe.

Kwanza tulitazama mwezi. Watu hudhani mwezi mpevu ndio mzuri wa kutazama. Sivyo. Mwezi wa siku saba, ulio nusu, ni bora zaidi. Kwenye mpaka wa mwanga na giza unaona vivuli vya milima na mashimo makubwa. Bibi mmoja alishika darubini, akatazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe nao una mawe kama shamba langu!" Siku iliyofuata alikuja na wajukuu wanne.

Halafu tulitazama Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Sayari ni dunia nyingine inayozunguka jua kama hii yetu. Ukiegemeza darubini kwenye nguzo isitikisike, unaona vinukta karibu na Mshtarii, vimepangwa kama kwenye mstari. Hiyo ni miezi yake. Mtaliano Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610. Darubini ya Galileo haikuwa chombo cha ajabu. Nyingi zinazouzwa madukani leo zinaishinda.

Swali linaloulizwa kila mara ni la nyota zinazoanguka. Wako wanaosema kila moja ni roho ya mtu. Si nyota, na si roho. Ni vijiwe vinavyokuja kwa kasi kubwa kutoka nje ya dunia na kuungua hewani. Vingi huisha kabla ya kufika chini. Lililo kubwa sana hufika. Nenda Mbozi, mkoa wa Songwe, ukaone Kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10.

Mzee na Kilimia

Nilipotoka chuo nilikuwa kijana mwenye cheti kipya. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, Kilimia kikionekana mashariki wakati wa chakula cha jioni, asiye na mahindi shambani amechelewa." Nilimjibu kwamba nyota hazina habari na mahindi. Mzee alinyamaza. Hakuhudhuria mikutano yangu tena kwa msimu mzima.

Miaka mingi baadaye nilikaa uwanjani na kikundi chetu, nikahakikisha mwenyewe. Kilimia ni kundi dogo la nyota zilizosongamana. Macho mazuri huona sita. Darubini huonyesha nyingi. Katikati ya Novemba, jua likizama tu na giza kuingia, Kilimia kinatoka mashariki. Januari usiku kiko juu, kuelekea kaskazini kidogo. Aprili kiko chini upande wa magharibi. Mwanzoni mwa Mei hukioni tena. Juni kinarudi mashariki kabla ya mapambazuko. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Mzee alikuwa sahihi. Kwetu mahindi hupandwa mvua za Oktoba na Novemba, na katikati ya Novemba ni kweli kwamba umechelewa. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinipa kigoda, akasema, "Keti, bwana shamba, umekuja na mvua."

Lakini hapa nakuomba uelewe vizuri. Kilimia ni kalenda. Kinakuambia ni mwezi gani. Hakikuambii kama mvua ya mwaka huu imefika. Yuko mkulima katika kata yetu aliyepanda kwa kufuata nyota huku udongo ukiwa mkavu. Mvua ilichelewa. Mbegu zikaliwa na mchwa na ndege, akalazimika kununua tena kwa fedha ya mkopo. Kwa hiyo tazama Kilimia, usikilize pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa katika redio, kisha uchimbe. Chimba kina cha shubiri moja. Chukua udongo wa chini, ufinyange mkononi. Ukishikamana, panda. Ukimwagika kama unga, ngoja.

Kijiti cha adhuhuri

Mchana nako tuna kazi. Watoto wa shule walisimika kijiti kilichonyooka katika uwanja na kupima kivuli chake kila siku. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena karibu na tarehe 12 Machi, kivuli kilipotea kabisa. Siku hizo jua linapita juu ya kichwa chako wewe uliyeko Kakonko.

Watoto waligundua jambo jingine. Walingoja saa 6 kamili, na kivuli kikawa bado kipo. Kilipotea Oktoba saa 7 kasoro robo, na Machi saa 7 na dakika chache. Mwalimu alidhani saa yake imeharibika! Saa ilikuwa nzima. Tanzania yote inafuata saa moja, nayo imepangwa kwa mahali palipo mashariki zaidi hata kuliko Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi. Jua huwafikia wenzetu wa pwani kwanza, ndipo lije kwetu. Ndiyo maana wenzetu Waislamu wa Dar es Salaam hufuturu kabla ya Waislamu wa Kakonko, ingawa wote wanasikiliza redio ile ile.

Mwaka 2031

Tarehe 21 Mei 2031 pete ya jua itaonekana tena katika Tanzania, upande wa kusini. Hapa kwetu jua litamegwa kama mwaka 2016. Watoto walio darasa la kwanza leo watakuwa wamekua, na watataka kutazama. Kikundi chetu kimekubaliana kwamba kila mwanachama atazungumza na nyumba kumi za jirani yake kabla ya siku hiyo. Watoto wamekwisha kutoboa karatasi zao kwa majaribio. Yule kijana mwenye doa machoni ndiye anayewafundisha. Yeye hukaa mbele yao na gazeti mkononi, akawaonyesha neno asiloweza kuliona.

Wewe uliye katika kijiji kingine unaweza kuanza bila fedha. Chagua usiku usio na mwezi, au usiku wa mwezi wa siku saba kama unataka kuona milima yake. Zima taa, ukae gizani dakika 20 ili macho yazoee. Tochi ifunge kitambaa chekundu. Chukua mkeka na blanketi, kwa maana baridi ya huku milimani mwezi wa Julai mnaijua.