Usiuze kahawa kwa butura ili ununue ampu ya gitaa

Msimu wa kahawa unapokaribia huku kwetu Karagwe na Kyerwa, wapiga gitaa huanza kunitafuta. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na jioni hurekodi kwaya na waimbaji katika chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Kayanga. Safari hii aliyetangulia ni kijana anayepiga solo katika kwaya moja ya Nkwenda. "Shikamoo Mwalimu," alisema kabla hajaketi. "Kuna mtu ananipa laki nane kwa kahawa yangu ambayo bado iko mtini. Nataka ampu ya kurekodia nyumbani. Ninunue ipi?"

Nilimwitikia marahaba, nikampa kiti, kisha nikamwambia asinunue ampu, na kahawa asiiuze kwa butura. Hilo la butura wenzangu wa Kagera wanalijua: unauza kahawa ikiwa shambani, kwa bei anayoitaka mwenye fedha, halafu siku ya mavuno unasimama pembeni ukitazama magunia yakipakiwa. Serikali imelipiga vita miaka nenda rudi. Mtu akifanya butura kwa ajili ya ada ya mtoto au matibabu, naweza kumwelewa. Kufanya butura kwa ajili ya ampu, wakati kazi hiyo sasa inafanywa na programu ya bure ndani ya kompyuta ya mtumba, siwezi kukubali nikanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na gitaa lenyewe, kwa sababu matatizo mengi ninayoletewa hayaanzii kwenye ampu. Kwaya zetu nyingi huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, sauti ikatoka kwenye spika zilezile za waimbaji. Gitaa linalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na kila mtu anamlaumu mpigaji. Sababu ziko mbili, na zote hazimhusu. Ya kwanza ni kwamba sumaku za gitaa hutoa umeme dhaifu, unaohitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, kama ohmu milioni moja. Tundu la kawaida la miksa huwa na elfu kumi hivi, kwa hiyo sauti inabanwa na kupoteza uhai kabla haijafika popote. Ya pili ni kwamba spika ya ampu ya gitaa haipitishi kila kitu. Juu ya hezi 5,000 hivi inaanza kufunga mlango, na kufunga huko ndiko kunakofanya gitaa lisikike tamu. Spika ya kanisani haina adabu hiyo, inapitisha hadi mikwaruzo ya kucha.

Kwa hiyo tunaposema "sauti ya gitaa" tunasema gitaa, ampu, spika na kasha lake kwa pamoja. Programu za ampu zinaiga hivyo vyote vinavyofuata baada ya waya. Hazikuanza jana. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ilitoa kifaa kidogo kiitwacho POD, kilichoiga ampu mbalimbali kwa hesabu za kidijitali. Mwaka 2002 ikaja AmpliTube, programu ya kompyuta, na miaka miwili baadaye Guitar Rig. Zile za mwanzo wapigaji wengi walizibeza, na nyingine zilistahili kubezwa.

Sasa hali ni nyingine kabisa. Ipo programu inayoitwa Neural Amp Modeler, inayotolewa bure na kihalali. Mtu mwenye ampu halisi anapitisha sauti maalumu ndani yake, anarekodi kinachotoka upande wa pili, kisha kompyuta inajifunza tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka. Matokeo yake ni faili dogo kuliko picha moja ya simu. Fundi wa Japani au Marekani analiweka mtandaoni, na kijana wa Kaisho analipakua kwa bando la siku. Faili la pili, la spika na kasha, linapatikana kwa njia hiyohiyo. Nimezisikiliza sauti hizo usiku kwa usiku, hedifoni masikioni, nikilinganisha na rekodi za ampu zenyewe. Gitaa likiwa peke yake kuna mahali naona tofauti. Likishachanganywa na besi, ngoma na sauti za kwaya, sioni.

Na muziki wetu unaipa programu kazi nyepesi kuliko muziki wa roki. Kitu kigumu kuiga ni ampu inapozidiwa, pale sauti inapoanza kupasuka kidogokidogo kufuatana na nguvu ya kidole. Sisi hatuishi huko. Mpiga solo wa Nyaishozi au Murongo amelelewa na dansi la Dar es Salaam, rumba na sebene kutoka Kongo, na nyimbo za injili za ukanda huu wa Maziwa Makuu. Anataka sauti safi, inayong'aa juu, ambayo kila noti inasikika imesimama peke yake hata mkono ukikimbia. Hiyo ndiyo sauti ya ampu kama Fender Twin Reverb, au Roland JC-120 iliyotoka mwaka 1975, yenye ile athari ya korasi inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Sauti safi ndiyo inayoigika kirahisi kuliko zote. Ajabu ni kwamba matangazo ya programu hizi karibu yote yanaonyesha gitaa linalonguruma, kijana wetu akiyaona anadhani hayamhusu.

Hiyo Twin Reverb, kwa wanaoiota, inayotengenezwa sasa ina uzito wa kilo 29 hivi, na mpya huko Marekani inauzwa dola zipatazo 2,000. Ifikirie kwenye bodaboda ya kupanda Kaisho. Halafu ifikirie kwenye umeme wetu. Mkoa wa Kagera umetegemea umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na hata sasa ambapo mitambo ya Rusumo ya megawati 80 imeanza kazi kwa ajili yetu, Rwanda na Burundi, waya unaoingia Karagwe bado unapita vilima virefu na radi nyingi. Umeme unashuka, unapanda, unaondoka. Ipo kwaya ninayoifahamu iliyochangishana kwa misimu miwili ikaagiza ampu iliyotumika kutoka nje. Ilikuwa ya volti 120, hakuna aliyewaeleza, wakaichomeka kwenye 230 yetu. Moshi ulitoka kabla noti ya kwanza haijapigwa. Kompyuta mpakato ina betri yake, na chaja yake inakubali volti za kila nchi. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, mpigaji anaendelea.

Halafu kuna mvua. Anayerekodi ampu halisi anaweka maiki mbele ya spika, na maiki inachukua kila kilichomo chumbani. Nyumba zetu ni za bati. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba, mvua ikishuka juu ya bati hata mtu aliye kando yako humsikii, na maiki haichagui. Mvua ikikatika, kuna jogoo, mbuzi wa jirani, pikipiki. Na ili ampu itoe sauti yake nzuri lazima uiachie kwa nguvu, ilhali jirani naye ana mtoto aliyelala.

Yule kijana wa Nkwenda aliijaribu programu palepale. Nilichomeka gitaa lake kwenye tundu la saundi kadi lililoandikwa INST, lile lenye ukinzani mkubwa unaolifaa gitaa, nikamvisha hedifoni. Chumbani hakukusikika kitu ila kucha zikigusa nyuzi, kwa sauti ndogo kama mtu anayechagua mchele. Mvua ilikuwa imeshaanza. Yeye masikioni alikuwa na ampu nzima, ukumbi na mwangwi wake, na nilijua kutokana na bega lake la kushoto lililoanza kucheza. Tukarekodi sebene yake nzima chini ya mvua ile. Ukiisikiliza leo hakuna tone hata moja.

Kuna mtego mmoja wa kweli, nao ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu, inapiga hesabu, ndipo inairudisha. Ukiitumia saundi ya ndani ya kompyuta bila programu-endeshi inayofaa, unapiga uzi sasa na kuusikia baadaye, vidole vinapotea, na mtu anahitimisha kuwa programu ni takataka. Ukiwa na saundi kadi ya nje, hata ndogo, yenye programu-endeshi yake aina ya ASIO, unaweka fungu la sampuli 128 kwa mwendo wa 48,000 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya milisekunde 3 kwa fungu moja, na safari nzima ya kwenda na kurudi hukaa karibu na 10. Sauti hewani husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye ampu yako. Kwaya gani haijawahi kusimama mbali zaidi ya hapo na spika zake?

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Programu nyingi zinazozunguka kwenye flashi zetu ni za wizi, zilizovunjwa kufuli, na zinakuja na virusi vinavyokula nyimbo za mwaka mzima. Mwanamuziki anayetaka kazi yake ilindwe kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, anayetaka ofisi ya hakimiliki, COSOTA, imtetee, hawezi kurekodi kwa kazi ya mwenzake aliyoiiba. Na hana sababu. Neural Amp Modeler ni ya bure. Reaper, ya kurekodia, unaijaribu siku 60 kamili, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Wazee wa muziki watanijibu kwamba dansi letu lilirekodiwa kwa ampu halisi, na ndiyo maana halizeeki. Ni kweli, na rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam nazipenda mno. Lakini tukumbuke vyombo vile vilikuwa vya nani. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park Orchestra ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikawa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Gitaa, ampu na spika vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kompyuta ziliposhika kazi katika studio za watayarishaji kina Master J na P-Funk Majani, mpiga gitaa alikosa hata huyo mwajiri, kwa sababu biti haikumhitaji. Leo kompyuta hiyohiyo inaweza kumrudisha, na mara hii sauti ikawa yake mwenyewe, chumbani kwake, bila kumwomba mtu. Kwangu hilo ni kubwa kuliko ubishi wote wa ampu ipi ina joto na ipi ni baridi.

Sikatai ampu. Kwenye harusi, mkutano wa injili, sherehe ya kijiji, mpigaji anahitaji kitu nyuma yake kinachosukuma hewa, na programu ikiganda mbele ya watu ni aibu. Hapo nunueni ampu ya transista ya volti 230. Ampu ya Fender ya miaka ya 1960 bado inalia leo, wakati programu ya leo inaweza kugoma kompyuta ikibadilishwa. Hayo nayakubali. Na programu hizi ni za gitaa la umeme tu. Enanga ya wazee wetu wa Kinyambo na Kihaya haina sumaku wala waya. Hiyo inataka maiki nzuri, siku kavu na watu wanaojua kunyamaza, na kabla wapigaji waliobaki hawajatuacha ningependa kuona kila kwaya inayomiliki maiki ikienda kuwarekodi.

Lakini kwa kurekodi gitaa nyumbani, Karagwe na Kyerwa, jibu langu ni moja. Nyuzi mpya na gitaa lililorekebishwa na fundi, kwanza. Kisha saundi kadi ya nje, hedifoni za waya, na kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8. Kijana wa Nkwenda amekubali kusubiri hadi kahawa yake ivunwe na kupimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Kwa wenyeviti wa kwaya na mabaraza ya kanisa nina ombi: ofisi nyingi za parokia na usharika zina kompyuta inayokaa bure kuanzia saa kumi jioni. Mpeni mpiga gitaa wenu ufunguo, hata siku mbili kwa wiki, na mchange saundi kadi moja ya kwaya nzima kabla hamjachanga ampu.